Kiazi cha Mwaka Ujao

Miongoni mwa maswali ambayo wanadamu wamejiuliza tangu zamani, lipo moja ambalo kwa nje laonekana jepesi, lakini kina chake hakipimiki kwa ubishi wa siku moja. Kitu ambacho hakuna mtu aliyekipanda, kikamea mahali asipolima mtu wala asipopalilia mtu, ni mali ya nani? Na ikiwa ni mali ya yeyote atakayetangulia kukifikia, je, huyo aliyetangulia anadaiwa chochote na yule atakayekuja nyuma yake?

Aghalabu swali hili hujadiliwa kwa mifano mikubwa: tembo, madini, mito na misitu. Sisi katika makala hii tumeonelea tulitazame kwa mfano mdogo, nao ni okidi za ardhini zinazoota katika mbuga za milimani, Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania. Tumechagua mfano mdogo kwa makusudi. Kitu kikubwa hutetewa na ukubwa wake. Tembo akiuawa mzoga wake huonekana, na msitu ukifyekwa jua huingia mpaka mlangoni. Lakini mmea unaong'olewa katikati ya nyasi huacha kishimo kinachozibwa na mvua moja. Basi kama tunataka kujua dhamiri ya watu imesimama wapi, na tuitazame mahali ambapo kosa halionekani.

Ua na tabia zake

Okidi ni ukoo mkubwa sana wa mimea. Jamii zake zinazojulikana duniani zinazidi 25,000. Nyingi katika nchi za joto hukaa juu ya miti, zikishika magome kwa mizizi yao bila kuunyonya mti wenyewe. Lakini zipo nyingine ambazo makao yake ni udongoni, nazo ndizo tunazozisema hapa. Katika uwanda wa Kitulo, ulioko kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere na Uporoto, okidi za namna hii zimehesabiwa jamii zipatazo 45. Wenyeji wameuita uwanda huo Bustani ya Mungu, na jina hilo halina chumvi. Mvua zinapoanza kushika, kuanzia mwezi wa Novemba au Desemba hadi kufikia Aprili, nyasi hujaa maua ya kila rangi, na kati yake husimama mashina ya okidi: yako meupe, yako ya waridi, yako ya manjano, yako mekundu kama kaa la moto.

Wataalamu wa mimea wamezipa okidi hizo majina ya Kilatini, kama vile Disa, Satyrium, Habenaria na Brachycorythis. Kila moja ina maajabu yake. Ua la Satyrium, kwa mfano, limeinama kama kofia, na nyuma yake huning'inia vijipembe viwili ambamo hukaa utamu wanaoutafuta wadudu. Chavua ya okidi nayo si vumbi linalopeperuka ovyo kama chavua ya mahindi. Imeshikamana kuwa vidonge, na mdudu akiingia uani hutoka amebandikwa kidonge kizima mwilini, akakipeleka kwenye ua la pili. Mdudu huyo asipofika, hakuna mbegu.

Ama mbegu zenyewe, ni ndogo mno kama vumbi la unga, na tumba moja laweza kuwa na maelfu kwa maelfu. Lakini wingi huo tusiudhani kuwa ni utajiri. Punje ya hindi au ya haragwe huja duniani na posho yake: imefungiwa chakula cha kuanzia maisha mpaka mche upate majani. Mbegu ya okidi huja mikono mitupu. Haiwezi kuota mpaka ikutane udongoni na kuvu ya namna yake, ambayo huingia ndani ya mbegu na kuilisha. Jambo hili liligunduliwa na mtaalamu wa Kifaransa, Noël Bernard, mnamo mwaka 1899. Kwa hiyo katika maelfu ya mbegu zinazopeperushwa na upepo, ni chache tu zinazoangukia mahali penye kuvu inayozifaa, na hata hizo huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza.

Sasa tushuke chini ya ardhi, maana methali yasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukiutazama mmea huu wakati wa kuchanua, utakuta chini ya shina lake viazi viwili vilivyokaa kama pacha. Kimoja kimesinyaa na kuwa cheusi. Hicho ndicho kilicholisha shina na ua la mwaka huu, nacho kimekwisha kazi yake. Cha pili ni kigumu, cheupe, kimejaa. Hicho hakijaguswa, ni akiba ya mwaka ujao. Kiangazi kikifika shina hukauka, kiazi kikuukuu huoza, na mmea mzima hubaki umelala ndani ya kile kiazi kipya. Moto wa kiangazi hupita juu ya nyasi, baridi ya Juni huganda juu ya udongo, nacho kimetulia. Mvua zikirudi, huchipua, na kabla hakijachoka huwa kimekwisha kumtengeneza mrithi wake. Ndivyo ilivyo miaka nenda miaka rudi. Hata neno okidi lenyewe, ambalo asili yake ni Kiyunani, lilitokana na umbo la viazi hivi viwili wala si uzuri wa ua. Watu wa kale nao waliinama wakatazama.

Kikanda na safari yake

Viazi hivyo huliwa. Kaskazini mwa Zambia, hasa kwa Wabemba, kuna chakula cha jadi kiitwacho chikanda, ambacho kwetu wengi hukiita kikanda. Viazi huoshwa, hukaushwa, hutwangwa kuwa unga, kisha unga huo huchanganywa na karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili na magadi, ukasongwa motoni mpaka ushikamane. Ukipoa hukatwa vipande kama mkate. Ni chakula chenye heshima yake, kimeliwa kwa vizazi vingi, wala hatuna haki ya kukidharau. Na si Waafrika peke yao wanaokula okidi. Waturuki hutengeneza kwa viazi vya okidi zao kinywaji cha moto waitacho salep, na Waarabu wanacho chao waitacho sahlab. Na huko nako, milima imeanza kupungukiwa.

Zamani kikanda kilikuwa chakula cha kijijini. Mama alitoka na jembe, akachimba vya kutosha chungu kimoja, akarudi. Kadiri miji ilivyokua, chakula hicho kilimfuata mtu mjini. Kikauzwa sokoni na kando ya barabara, Lusaka na katika miji ya migodi ya shaba, kikapendwa hata na watu ambao mama zao hawakukijua. Viazi vya Zambia vikaanza kuadimika, na wanunuzi wakageuza macho kwetu. Kutoka Nyanda za Juu za Kusini magunia yakaanza kuvuka mpaka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikisia kwamba kila mwaka viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilitoka Tanzania kwenda Zambia. Tukumbuke kwamba nyuma ya kila kiazi kilichohesabiwa kulikuwa na mmea mmoja ulioondolewa.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo ulitangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 400, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Aidha, biashara ya okidi za porini kati ya nchi na nchi imewekwa chini ya mkataba wa kimataifa unaosimamia mimea na wanyama walio hatarini. Sheria, basi, zipo. Lakini makala hii haihusu sheria. Inahusu lile ambalo sheria hulitegemea, nalo ni mtu kukubali moyoni kwamba kuna jambo la kukatazwa.

Kosa lililogawanywa

Tuwatazame watu watatu. Wa kwanza ni mchimbaji. Yeye hukaa kijijini karibu na milima, ana shamba dogo la viazi mviringo au pareto, ana watoto shuleni, na bei ya mazao imemwangusha. Akiulizwa, husema: "Nimechimba ndoo moja tu, mlima ni mkubwa." Wa pili ni mchuuzi. Akiulizwa, husema: "Mimi sikuchimba, nimenunua kilichokwisha kuchimbwa. Nisiponunua mimi atanunua mwingine." Wa tatu ni mlaji aliye mjini. Yeye hajauona mlima wala ua. Akiulizwa, husema: "Nimekula kipande kimoja cha chakula cha mababu zangu."

Ndugu msomaji, jambo gumu katika habari hii ni kwamba wote watatu wanasema kweli. Ndoo moja haimalizi mlima. Mchuuzi mmoja akiacha, mwingine hushika nafasi yake. Kipande kimoja mezani ni kitu kidogo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefanya tendo ambalo, likisimama peke yake, tungeweza kuliita uovu. Na hata hivyo, matendo hayo yakijumlishwa, mlima huwa mtupu.

Maadili tuliyorithi yalikusudiwa hasa kwa makosa yenye mwenyewe. Mwizi ana uso, na aliyeibiwa ana uso. Lakini hapa tuna hasara bila mwizi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nasi tumewafundisha watoto methali hiyo kama sifa ya uvumilivu. Yatupasa sasa tuwafundishe na upande wake wa pili: haba na haba hukimaliza kibaba. Kosa likigawanywa kwa watu elfu halipungui hata kidogo. Kinachopungua ni aibu ya kila mmoja wao. Na aibu ikiisha gawanywa hivyo, hakuna anayesimama kulikomesha.

Kwa hiyo jibu la kwanza tunalolitoa ni hili: mtu hawezi kupima wema wa tendo lake kwa udogo wa fungu lake. Kipimo chake kiwe swali hili: kama kila mwenye haja kama yangu atafanya kama nifanyavyo mimi, kitabaki nini? Swali hili si geni kwetu. Ndilo lililokuwa nyuma ya miiko ya wazee, waliokataza kukata miti penye chemchemi au kuvua samaki wakati wa kuzaa. Mzee hakumwambia kijana kwamba mti mmoja utakausha chemchemi. Alimwambia hapakatwi mti. Alijua kwamba ruhusa ya mmoja ni ruhusa ya wote.

Hoja tatu na majibu yake

Sasa tusikilize hoja za upande wa pili, maana haifai kushinda shauri kwa kumnyima mwenzio nafasi ya kusema.

Hoja ya kwanza ni ya njaa. Husemwa kwamba ua ni anasa ya walioshiba, na kwamba ni dhuluma kumwambia maskini aache kiazi ili mgeni aje kupiga picha. Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza hajui maisha ya kijijini. Hatutaki kuhubiri kutoka kwenye kiti cha ofisi. Lakini na tupambanue. Kiazi kinachochimbwa leo aghalabu hakiendi tumboni mwa mchimbaji. Kinakwenda kwenye gunia, na faida kubwa haibaki kijijini. Mchimbaji anauza akiba ya mlima wake kwa bei ya chumvi na sabuni, na siku mlima utakapokwisha, mchuuzi atahamia mlima mwingine. Yeye mchimbaji hana pa kuhamia. Kwa hiyo anayemtetea mchimbaji asitetee uchimbaji. Amtetee apate bei nzuri ya mazao yake, apate sehemu ya haki katika mapato ya hifadhi iliyowekwa mlangoni pake, na apate kazi ya ulinzi na uongozaji wa wageni. Haifai gharama ya kulitunza ua ibebwe na yule tu aliye karibu nalo na mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Taifa likitaka kitu kitunzwe kwa niaba ya wote, wote hawana budi kuchangia.

Hoja ya pili husema kwamba mimea yote iliumbwa kwa manufaa ya binadamu. Hatuna haja ya kubishana na wenye imani hiyo. Twauliza tu maana ya manufaa. Aliyeruhusiwa kuchota kisimani hakuruhusiwa kukifukia. Matumizi yanayokimaliza kitu humaliza na manufaa yenyewe. Na hapa ndipo kile kiazi cha pili kinapotupa somo kali. Katika mazao mengi mtu hula cha leo na kuacha mbegu ya kesho. Mkulima hutundika mahindi ya mbegu juu ya moshi wa jiko, na hata katika mwaka wa dhiki mama huyapita akiyatazama. Lakini kwa mmea huu njia hiyo haipo. Kiazi cha mwaka huu kimesinyaa, hakitamaniki. Kinacholiwa ndicho cha mwaka ujao. Kila kipande cha kikanda, hata kiwe kidogo namna gani, ni ua moja ambalo halitachanua tena. Hivyo kiasi hakiwezi kuwekwa ndani ya mmea mmoja mmoja. Kiasi chaweza kuwekwa katika idadi ya mimea inayoachwa tu: kuiacha baadhi ya milima isiguswe kabisa, kungoja mbegu zipukutike kabla ya jembe kushuka, na kujitahidi kuulima mmea badala ya kuuwinda.

Tunajua kwamba kuulima si kazi rahisi. Maabara zimeweza kuotesha mbegu za okidi, lakini toka chupa ya maabara hadi shamba la mwananchi ni safari ndefu. Hata hivyo historia ya ukoo huu huu yatutia moyo. Vanila, inayolimwa leo Kagera na Uganda, ni okidi. Asili yake ni Meksiko, na ilipohamishiwa visiwa vya Bahari ya Hindi haikuzaa, kwa kuwa wadudu wake waliachwa nyuma. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa mwenye umri wa miaka 12, Edmond Albius, alibuni njia ya kuyachavusha maua yake kwa kijiti na kidole gumba. Njia yake ndiyo inayotumika mpaka leo. Dunia ilitajirika kwa ujuzi wake, naye akafa maskini mwaka 1880. Habari hii ina mafunzo mawili: kwanza, kwamba binadamu aweza kuula mmea bila kuumaliza akikubali kuutumikia, pili, kwamba anayeutumikia mmea naye ana haki ya kutumikiwa na jamii.

Hoja ya tatu husema: mbona ulimwengu wa asili wenyewe hauna huruma? Okidi nayo hula kwa mgongo wa kuvu. Na zipo nyingi, zikiwamo baadhi ya Disa, zinazomwita mdudu kwa rangi nzuri kisha zisimpe utamu wowote. Ni kweli. Nasi twaonya dhidi ya desturi ya kuupamba mmea kwa maadili usiyokuwa nayo. Ipo misaada ya kweli udongoni, maana kuna okidi ambazo zikishapata majani huirudishia kuvu sehemu ya chakula. Lakini upo na ulaghai. Ua si mwalimu wetu wa wema. Wajibu tunaousema hautoki kwa ua. Unatoka kwetu, na sababu yake ni moja. Ngiri akifukua kiazi hajui kwamba amekula mwaka ujao. Mtu anajua. Katika viumbe vyote vinavyopita juu ya uwanda ule, ni binadamu peke yake awezaye kuvitazama viazi viwili na kusema: hiki ni cha jana, na hiki ni cha kesho. Ujuzi huo ndio unaomfunga. Huwezi kujua kama ajuavyo mtu, kisha ukaomba uhukumiwe kama ngiri.

Amana

Turudi, basi, kwenye swali tuliloanza nalo. Kisichopandwa na mtu ni mali ya nani? Katiba yetu, katika Ibara ya 27, imempa kila mtu wajibu wa kulinda mali asilia ya nchi. Na kabla ya hapo, Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko mjini Arusha akieleza kwamba viumbe vya porini na makao yao ni chanzo cha mshangao na vilevile ni riziki ya siku zijazo, na kwamba nchi inayapokea kama mdhamini. Neno hilo, udhamini, ndilo jibu. Katika lugha yetu ya Kiswahili tuna neno la zamani zaidi lenye maana hiyo, nalo ni amana. Mali mtu aweza kuitumia atakavyo. Amana huitumia kwa namna itakayomwezesha kuirudisha. Na tofauti kubwa iliyopo ni kwamba mwenye amana hii hajazaliwa. Hawezi kutushtaki wala kutukumbusha. Deni la namna hiyo ndilo linalopima uungwana, maana kumlipa mdai aliyesimama mlangoni si sifa.

Lakini mtu hatunzi amana asiyoijua jina. Hapa sisi watunzi na walimu tuna hesabu ya kutoa. Washairi wa pwani wameyasifu maua kwa karne nyingi: asumini, waridi, kilua, mkadi na mlangilangi. Ni sifa zilizostahili. Lakini ukichunguza, maua hayo yote ni yale yaliyokaribishwa mwilini na nyumbani mwa watu. Hutungwa kikuba, huvaliwa nyweleni, hutandazwa kwenye vitanda vya maharusi. Ua ambalo halivaliwi wala halinukizi nguo halikupata mtunzi. Utamaduni wa taifa hauwezi kuwa bustani ya pwani peke yake. Yapo majina ya mimea ya milimani katika Kikinga, Kisafwa, Kinyakyusa na lugha nyingine za huko, na wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Jina likifa, kitu chenyewe huwa kimekwisha kupoteza mlinzi mmoja.

Kwa hiyo twatoa maombi matatu kwa shule zetu, hasa zile zilizo karibu na milima. La kwanza, wanafunzi waende kwa babu na bibi zao wakayaandike majina hayo na matumizi yake, kila moja kwa lugha yake na kwa Kiswahili. La pili, wachague kipande kidogo cha mbuga na kuyahesabu maua yake mwaka hadi mwaka katika daftari moja linalorithiwa na darasa kwa darasa. Maana mali bila daftari hupotea bila habari, na yaliyopotea bila habari ndiyo mengi. La tatu, waipende mimea hiyo ikiwa mahali pake. Mwanafunzi asidhani atalihifadhi ua kwa kuling'oa akalipanda mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Likitengwa na udongo wake na kuvu yake, huenda lisimalize hata miaka miwili. Upendo unaong'oa hauna tofauti na jembe la mchuuzi.

Vijana wetu watakaosoma makala hii watakuja kuwa maofisa, wakulima, wafanyabiashara na walaji. Wengi wao hawatafika Kitulo kamwe. Lakini kila mmoja, katika kazi yake, atakutana na kiazi cha mwaka ujao kwa sura nyingine: fedha za kijiji zilizowekwa kwa ajili ya kisima, miti michanga ya mbao, samaki wadogo wavuni, muda wa mtoto anayepaswa kuwa shuleni. Kila mara kitakuwa kigumu, cheupe, kimejaa, kinatamanika kuliko kile kilichosinyaa. Na kila mara patakuwa na mtu wa kumwambia kwamba ndoo moja haimalizi mlima. Siku hiyo na akumbuke kwamba wapo watu ambao hawajazaliwa, nao hawana wa kuwasemea isipokuwa yeye aliyeshika jembe.